Stoo ya Mahindi na Mawe Meupe

Katika kazi zote nilizowahi kufanya na mume wangu, hakuna iliyonichosha roho kama kujenga stoo ya mahindi. Nimezaa naye, nimehama naye kambi hadi kambi, nimemuuguza malaria iliyomfanya atoe amri kwa watu wasiokuwepo, na yote hayo ningeyarudia. Stoo, hapana. Mpaka leo nikimwona mtu anatandaza kamba chini apime mstari, hasira inanipanda kabla sijajua anajenga nini.

Alikuwa koplo wa polisi, dereva wa malori, mtu wa kaskazini, mrefu na mpole kupita kiasi. Mimi nilizaliwa kambini. Baba yangu alikuwa askari na babu yangu alikuwa askari, wa wale Wanubi ambao Waingereza waliwaleta na bunduki zao na wake zao. Kiswahili ndicho nilichonyonya. Waganda tulioishi nao walikiita lugha ya maaskari, na sikuwalaumu, kwa sababu wengi wao mara ya kwanza kukisikia walikuwa wakikaripiwa.

Wakati huo wanajeshi walikuwa wameshika nchi kwa miaka kadhaa, na madukani Kampala kulikuwa na rafu tupu na muuzaji anayejipepea. Sukari ilikuwa hadithi. Unga ulionekana siku moja, ukapotea wiki nzima, ukirudi umeshakuwa wa watu wakubwa. Sisi tulikuwa na bahati moja tu: shamba. Lilikuwa upande wa mashariki, unapita Kyambogo, unashuka kwenye bonde la mafunjo, unavuka daraja, na hapo kando ya barabara ndipo kibanja chetu kilipokuwa, kipande cha ardhi tulichokipata kabla mambo hayajaharibika. Mwaka ule nililima mahindi peke yangu, mume wangu akija siku asizokuwa na zamu, na yakakubali. Yalikubali mpaka nikaogopa. Mahindi yale yalikuwa chakula cha nyumba yetu mpaka msimu mwingine, na hatukuwa na kingine cha kutegemea.

Tatizo lilikuwa pa kuyaweka. Tulikaa katika laini za polisi, vyumba viwili na veranda, na kuweka magunia katika nyumba ya serikali kulikuwa kujitafutia balaa. Jirani mmoja akisema tu kwamba fulani anaficha chakula, umeshakuwa mlanguzi, na mlanguzi miaka ile hakupelekwa kwa hakimu. Kuyaacha shambani bila paa nako kulikuwa kuwapa wezi na panya, na baada yao mvua za mwezi wa tisa. Kwa hiyo stoo ilikuwa lazima ijengwe huko huko, na iwe tayari kabla ya mvua. Mimi nilitaka kibanda cha fito na udongo kilichoezekwa nyasi, kama walivyojenga majirani, kazi ya siku chache. Mume wangu alisema hapana, nyasi huvuja, atajenga stoo ya kweli, yenye mabati. Nilimuuliza mabati yatatoka wapi. Akaniambia mvumilivu hula mbivu. Nilimjibu kwamba mahindi hayaivi mara mbili.

Basi nani alitumwa Katwe, kwenye karakana za mafundi, kutafuta misumari na mabati? Ni mimi. Yeye alikuwa kazini. Nilikwenda Katwe mara nyingi mwezi ule hata mafundi wakaanza kunisalimia kabla sijafika. Misumari mipya haikuwepo nchini, nadhani; kama ilikuwepo basi ilikuwa imelala kwenye ghala la mkubwa fulani. Kila niliyemwuliza aliniambia nirudi kesho, na nikirudi kesho ananiuliza kama sikusikia vizuri, alisema kesho. Mwishowe fundi mmoja, mzee mwenye nyusi zilizoungua kwa moto wa kazi yake, aliniuzia kopo la misumari iliyong'olewa kwenye masanduku ya mizigo. Ilikuwa imepinda yote. Niliibeba mpaka nyumbani, nikakaa verandani, nikainyoosha mmoja mmoja kwa nyundo juu ya jiwe, na kila uliponyooka kidole changu kilikuwa kimelipa. Wake wa maaskari wenzangu walipita wakinicheka, wakiniuliza kama nimeajiriwa na serikali kama fundi. Sikuwa na moyo wa kucheka nao.

Mabati nayo yalitoka huko huko Katwe. Hayakuwa mabati ya dukani. Yalikuwa mapipa ya lami, yamekatwa na kupondwa mpaka yakawa bapa, meusi upande mmoja na kutu upande mwingine. Mafundi wale waliweza kutengeneza chochote kutoka kwenye pipa: jiko, bawaba, beseni, paa. Niliyachagua mwenyewe, nikiyainua juani kuona kama yana matundu. Mume wangu alipoyaona alitikisa kichwa na kusema si sawasawa, hayana mawimbi, maji hayatateremka vizuri. Nilimwambia kama anataka mawimbi aende ziwani.

Halafu ukaja ujenzi wenyewe. Nguzo zilikuwa za mikalitusi, na hapo nimpe haki yake, alijua kazi. Alizichoma ncha za chini motoni, akazipaka oili chafu ya malori ili mchwa wasizile, na juu ya kila nguzo akavika kola ya bati kuzuia panya kupanda. Sakafu aliinyanyua juu ya ardhi ili unyevu usiyafikie mahindi. Lakini alikuja siku moja kwa wiki, na wiki nyingine hakuja kabisa kwa sababu ameitwa kazini, na siku aliyokuja nusu yake aliitumia kunyoosha mstari. Alisimama mbali, akafumba jicho moja, akaniambia niisogeze nguzo kushoto, kidogo, zaidi, hapana, kulia. Shimo lilikuwa limeshachimbwa. Kuisogeza nguzo kulikuwa kuchimba upya. Nilikuwa nimeikumbatia nguzo kama mlevi, oili inanichuruzika kwenye gauni langu la gomesi, jua linanipiga utosini.

Nilimwambia mahindi hayakagui gwaride. Alijibu, bila hasira yoyote, kwamba kitu kikipinda chini kitapinda juu, akaniomba niisogeze kushoto kidogo tu. Hicho ndicho kilichoniudhi kuliko yote, kwamba hakukasirika. Mtu mwenye hasira utagombana naye mkamaliza, lakini huyu alingoja nimalize kusema, kisha akapima tena.

Watu wa pale, kwa upande wao, walitutendea wema. Mpakani mwetu alikaa mama mmoja Mganda, mjane, mkubwa kwangu kwa umri, ambaye tangu mwanzo alinifundisha jinsi ya kulima udongo wa kwao. Siku ya kukandika ukuta alikuja na wanawake wenzake. Tuliukanyaga udongo kwa miguu, sketi zimefungwa juu, wakiimba kwao na mimi nikiitikia nisichokijua, na jua lilipoanza kushuka kuta zote nne zilikuwa zimekandikwa. Tukapatana kwamba mahindi yakikauka watakuja tena wanisaidie kuyapukuchua, kila mmoja aondoke na beseni lake, na mimi nitakwenda kwao maharage yao yakiwa tayari. Ndivyo walivyofanya wenyewe kwa wenyewe. Kwangu mimi, mke wa askari, kuingizwa katika mpango ule lilikuwa jambo kubwa, ingawa sikuonyesha.

Paa likapanda. Stoo ikasimama, ndogo, isiyo na dirisha, imenyooka kila upande kiasi kwamba ungeweza kuitumia kunyooshea nyingine. Mama jirani aliizunguka, akaigonga nguzo, akasema mume wangu ana mikono ya kizungu. Wanaume wawili waliokuwa wakipita nao walisimama wakaisifu. Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wangu akisifiwa hutia chokaa.

Wiki iliyofuata alishuka kwenye lori la rafiki yake akiwa na nusu gunia la chokaa na debe la lami. Misumari hakuna, saruji hakuna, sabuni ya kumfulia mtoto shati la shule hakuna, lakini chokaa ilikuwepo, imebaki baada ya ukaguzi wa kambi. Siku nzima alipaka. Ukuta wote ukawa mweupe unaoumiza macho. Chini, kuzunguka nyumba, akapiga mstari wa lami, mweusi, kimo cha goti. Kisha akakusanya mawe yanayolingana, akayapanga safu mbili kwa kamba kutoka barabarani mpaka mlangoni, akayapaka chokaa. Alipomaliza alifagia njia katikati ya mawe akarudi nyuma kuitazama kazi yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepandishwa cheo.

Na mimi, niseme kweli, niliona imependeza. Kambi zote nilizokulia zilikuwa hivyo: chini nyeusi, juu nyeupe, mawe kila njia, hata njia ya chooni. Mama yangu alitupiga tukikanyaga mawe. Kwetu sisi mahali pasipokuwa na mawe meupe palikuwa bado hapajafagiliwa. Nilichomlalamikia ni siku aliyoipoteza tu, kwa kuwa mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa ziwa.

Tukaingiza mahindi na magunzi yake, tukafunga mlango kwa kufuli. Siku ya kupukuchua tuliyopatana na wanawake ilipofika, nilikwenda mapema, nikatandika mikeka, nikachemsha chai ya bila sukari, nikangoja. Hakuja mtu. Nikasema labda kuna msiba. Nikaanza mwenyewe. Siku iliyofuata pia hakuja mtu. Ndipo nikaona jambo jingine: njia ya kwenda kisimani, iliyokata kibanja chetu tangu kabla hatujafika, haikuwa na watu. Wanawake niliozoea kuwaona wakipita na mitungi asubuhi walikuwa wakizunguka mbali, kupitia kwenye migomba, mahali pasipo na njia.

Nilikasirika. Nilijiambia ndivyo walivyo, wanakuchekea ukiwa matopeni nao, na ukiwa na chakula ndani wanakuonea kijicho. Sisi wa kaskazini na Wanubi tutabaki wageni hata tukizikwa hapa. Nilipukuchua kwa hasira mpaka vidole vikatoka malengelenge. Mwishowe nikainuka, nikaenda kwa mama jirani kumwambia yote hayo usoni.

Alikuwa anamenya matoke uani. Aliponiona aliweka kisu chini na kupiga magoti.

Msomaji asiyejua mila za Waganda aelewe: mwanamke wa kwao hupiga magoti kumsalimu mkubwa wake, na hiyo ni heshima ya kawaida. Lakini yule alikuwa mkubwa kwangu. Hakuwahi kunipigia magoti hata siku moja; tulikuwa tukisalimiana tumesimama, mikono ina udongo. Nilimwomba ainuke, hakuinuka. Nikamwuliza nimemkosea nini. Alitazama barabarani kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akiniita bibi kwa Kiganda:

"Nyabo, sisi tulifikili hiyo ni ya maaskali. Nyumba haina dilisha. Watu wanasema ndani iko watu."

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikaelewa, nikakaa chini pale pale kwenye maganda ya matoke. Walidhani tumejenga mahali pa kufungia watu. Miaka ile watu walichukuliwa barabarani wakatiwa kwenye buti za magari, na hakuna aliyejua walikopelekwa. Kwa hiyo nyumba ndogo, nyeupe kwa nyeusi, isiyo na dirisha, yenye kufuli na mawe ya kambi, ingekuwa ya nini kingine? Akaniambia mkubwa wa kijiji alikuwa ameshawaonya wanaume wapite mbali. Nilimwapia kwa Mungu kwamba ndani kuna mahindi. Ulijenga nami, nilimwambia, uliukanyaga udongo wake. Alitikisa kichwa akisema ndiyo, ndiyo nyabo, lakini hakuinuka, na nikajua kwamba ningeweza kuapa mpaka jua lizame.

Nilirudi mjini nikiwaka. Nilimwambia mume wangu, kabla hajavua buti, kwamba kesho aende akafute chokaa yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake. Kisha akasema jambo lililonifanya nitamani kumtupia sufuria. Alisema basi ni vizuri, kwa sababu mwizi naye hatakuja.

Tuligombana, au niseme niligombana. Nilimwambia sikuolewa ili wajane wanipigie magoti. Nilimwambia nitapukuchuaje mahindi yote yale peke yangu na mvua iko mlangoni. Alisema atachukua ruhusa anisaidie, na kwamba watu watazoea. Nilimwambia watu hawazoei kuogopa, wanazoea kuzunguka. Nilipoanza kulia ndipo alipolegea, akaahidi kwamba Jumapili tutayaondoa mawe na kuupaka ukuta udongo juu ya chokaa. Nilijua inamwuma. Alisema neno "udongo" kama mtu anayetaja ugonjwa.

Jumapili tulikwenda. Mume wangu aliomba kwanza amalizie kupukuchua gunia la mwisho, na nikajua anachelewesha, kwa hiyo nilimwacha ndani nikaanza mwenyewe. Nilikoroga udongo kwenye beseni, nikaanza na ukuta unaotazama barabara, napaka kwa viganja, na kila kiganja kilichotua kwenye weupe ule kilinipa raha ambayo siwezi kuieleza. Nilikuwa nimefika nusu ya ukuta niliposikia gari linapunguza mwendo.

Ilikuwa Land Rover ya jeshi. Ilipita, ikasimama, ikarudi kinyumenyume mpaka kwenye mawe. Akashuka sajini mnene mwenye fimbo, na nyuma yake vijana wenye bunduki. Alitembea katikati ya safu za mawe, hakukanyaga hata jiwe moja, akasimama nyuma yangu.

"Wewe mama, kwa nini unachafua nyumba ya serikali?"

Nilimgeukia na mikono yangu ya udongo. Nilisema si ya serikali, ni stoo yangu ya mahindi. Alitazama ukuta, akatazama mstari wa lami, akatazama mawe kuanzia mlangoni mpaka barabarani, kisha akanitazama mimi kama mtu anayedanganywa na mtoto. Alisema yeye ana macho, na nyumba ya serikali anaijua. Akauliza nani ameijenga.

Mume wangu akatokea mlangoni. Alikuwa amevaa fulana iliyotoboka, nywele zimejaa vumbi la mahindi, na bila viatu. Lakini visigino viligongana na mikono ikanyooka ubavuni, akataja cheo na namba yake, akasema ni yeye aliyejenga.

Sajini aliizunguka stoo taratibu. Aligonga nguzo kwa fimbo. Aliinua kichwa akatazama paa. Mwisho alisimama mlangoni akatazama nje, na mimi nikatazama alipotazama, na kwa mara ya kwanza nikaona alichokiona: kutoka pale unaona barabara yote, mpaka darajani upande mmoja na mpaka juu ya kilima upande mwingine.

"Umejenga mzuri sana, mzee," alisema. "Sisi tunatafuta mahali ya rodibloki. Hii nachukua."

"Asante, afande," akasema mume wangu.

Niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe. Ilimtoka kama pumzi. Nadhani alikuwa akijibu ile sifa ya kwanza, na lile la pili lilikuwa bado halijamfikia. Lilipomfikia nililiona likimfika usoni. Akasema, afande, kuna mahindi ndani. Sajini alisema tuyatoe leo, na magunia mawili tuwaachie vijana wake. Halafu akaninyooshea fimbo, akasema kwanza mama aoshe ukuta.

Niliuosha. Nilikwenda kisimani kwa ile njia isiyopitwa, nikateka maji, nikaosha ukuta wangu mwenyewe mpaka chokaa ikaonekana tena, na kijana mwenye bunduki akinionyesha kwa kidole sehemu niliyoiacha. Nyuma yangu nilimsikia mume wangu akiburuta magunia. Nilitaka kulia lakini hasira ilinizidi. Nilitaka aseme neno moja, lolote, hata la upole wake, lakini aliendelea kuburuta.

Tulirundika mahindi chini ya migomba, tukayafunika kwa majani yake, kwa sababu mabati yote yalikuwa juu ya vichwa vya wanajeshi. Hakuna jirani aliyekuja kutusaidia, na safari hii sikuwalaumu. Mvua ilinyesha siku ya pili. Ilikuwa mvua nzuri ya kupandia, ya kutulia, na iliyanyeshea mahindi yangu mpaka yakavimba. Tuliyahamisha kidogo kidogo kwenda mjini, kwenye vikapu, kwenye mfuko wa shule wa mtoto, chini ya nguo chafu, na kila safari tulisimamishwa kwenye kizuizi chao cha barabarani, mbele ya stoo yetu, na kijana aliyekaa juu ya gunia langu aliniuliza mahindi haya nimeyatoa wapi. Mengine yalichipuka chini ya kitanda. Tuliyaanika verandani usiku wasione watu, lakini ukungu ulikuwa umeshaingia.

Mwezi mmoja baadaye mume wangu alirudi kutoka shambani akaniambia sajini amemwambia mawe yamechafuka, aende ayapake. Nilimwuliza amejibu nini. Amejibu ndiyo, afande.

Nilimwambia kwamba akienda kuyapaka mawe yale asirudi kula mahindi yangu. Nilisema na mengine, ambayo sitayaandika. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Jumapili asubuhi alichukua ndoo na brashi akaenda.

Alirudi magharibi, chokaa imemkauka mpaka viwikoni. Hakugusa sahani, alikaa kwenye kibao mlangoni akingoja nimfukuze kama nilivyosema. Nilimpakulia. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini nilimpakulia, kwa sababu siku nzima nilikuwa nimekaa nikisikiliza kama atarudi, na nilikuwa nimeshaelewa kwamba mtu aliyeambiwa na wanajeshi apake mawe na asipake huishia kwenye buti la gari, hangoji kufukuzwa na mkewe. Ugali ulikuwa mchungu kwa ukungu. Aliumaliza wote, akaniomba maji ya kunawa, na nikamletea.